Panya Aliyetulia

3 Februari

Kifutio, mwanangu,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana najua utaamkia tu. Sisi wazima. Mama yako goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka halimsumbui, na hilo mimi nimeliita goti la uvivu na ameninunia tangu jana.

Nina habari kubwa. Kile kinu cha unga cha kando ya barabara kuu kimekamilika, na mwenyewe amenipa mimi ukuta wote wa mbele. UNGA SAFI SIKU ZOTE. Herufi kumi na sita, kila moja ndefu kuliko mimi, juu kabisa chini ya paa, zisomwe na dereva aliye mbali. Wale vijana wa mabango ya plastiki walishafika na kompyuta yao. Mwenye kinu akawaambia wasubiri kwanza mzee ajaribu. Ila amenieleza bila kuficha: mstari mmoja ukipinda, anafunika yote kwa plastiki. Miaka sita sijapata ukuta kama huu, mwanangu. Huu ukinikataa, nitabaki kuandika "Mbwa Mkali" kwenye mageti ya watu wasio na mbwa mpaka nizikwe.

Sasa nina swali, na si langu. Ni la jirani yetu fundi cherehani. Mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Akiulaza mapajani unatulia, akiuinua kutunga uzi unaanza. Anaona aibu kusema kwa watu. Wewe kutwa unashinda na bongo za panya, nikamwambia nitakuuliza. Usikawie kujibu, ana kazi kubwa mbele yake na amekosa usingizi.

Usishangae mwandiko. Meza imelegea mguu, inacheza.

Baba yako,
Rula


14 Februari

Baba,

Shikamoo. Ulishaitikia lakini naamkia hivyo hivyo, nisije nikaambiwa mji umeniharibu.

Ukuta wote! Nimemsomea barua yako bosi wangu wa maabara, yule mama wa miwani miwili, akauliza mtu anawezaje kunyoosha herufi ndefu kuliko yeye bila mashine. Nikamwambia baba yangu watu walimwita Rula kabla sijazaliwa, na mimi nilipewa jina la Kifutio kwa sababu nilikuwa nafuta mistari yake ya chaki kwa kiganja kabla hajapaka rangi. Alicheka mpaka akavua miwani yote.

Kuhusu fundi cherehani: mwambie aende hospitali. Mimi si daktari, mimi ni msaidizi wa maabara, naosha vyombo na kukata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu. Ninachokijua ni hiki. Chini ya ubongo kuna shina, linashuka kuelekea shingoni. Ndani ya shina hilo, kila upande, kuna fungu dogo la seli lililokunjamana kama leso iliyosahaulika mfukoni. Hapo zinatoka nyuzi, zinavuka upande wa pili, zinapanda hadi ubongo mdogo, ule ulio kisogoni, na kujisokota kwenye seli kubwa za huko kama mmea unaotambaa juu ya fito. Wakubwa wangu wanasema nyuzi hizo zinapeleka neno moja: hapo umekosea. Ubongo mdogo ukilisikia unarekebisha, mkono unaofuata unapita vizuri zaidi. Panya anazo, paka anazo, samaki anazo, wewe unazo. Nadhani zako zina sauti kali kuliko za wengine.

Kuna dawa tukimchoma panya, seli za lile fungu zinaacha kusema kila moja kwa wakati wake. Zinaanza kusema zote kwa mpigo mmoja, kama darasa linalopiga makofi. Ubongo mdogo unapokea kelele badala ya neno, na panya anatetemeka. Labda mkono wa fundi una ugonjwa wa ukoo huo, labda hauna. Sijui, na asikubali mtu ambaye hajamshika mkono amwambie anajua.

Lakini asikate tamaa. Jana panya wetu mmoja mtetemekaji alipewa pombe, matone machache tu, akatulia kama hakimu. Nilicheka peke yangu katikati ya watu wenye makoti meupe.

Kaza hiyo meza, baba. Mistari yako inacheza kama ya darasa la kwanza, na aliyenifundisha mwandiko ni wewe.

Mwanao,
Kifutio


27 Februari

Kifutio,

Tazama mstari huu. Na huu. Meza nimeipigilia kabari, sasa imetulia kama ukuta.

Kazi nimeianza. Nimepiga kamba ya chaki juu na chini, nimechora UNGA yote na nimepaka rangi U na N. Mwenye kinu anasimama barabarani kila asubuhi mikono kiunoni, anafumba jicho moja, halafu anaondoka bila neno. Kwa mtu wa aina yake hiyo ni sifa. Vijana wa plastiki nao walipita, mmoja akaniuliza natumia kifaa gani. Nikamwambia natumia macho na umaskini.

Fundi cherehani anakushukuru sana. Umempa moyo. Hospitali alishakwenda zamani, walimwambia ni umri, wakampa vidonge vya maumivu ilhali hakuna panapomuuma. Ana swali moja tu limebaki. Yule panya aliyetulia, alitulia kwa muda gani? Na je, alihitaji matone mengine, au yale yale yalitosha? Mjibu sawasawa, kwa hesabu.

Mama yako haelewi habari hizi za panya, usimwandikie. Tena barua zote nazichukua mimi posta, ufunguo wa sanduku ninao mimi, kwa hiyo zinapita kwangu kwanza.

Baba yako,
Rula


9 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu. Sitanii. Kila herufi imesimama, na ule mkia wa "g" yako umerudi, ule niliokuwa nauiga nikiwa na miaka sita ulimi nje. Sikujua jinsi ile barua ya kwanza ilivyoniumiza mpaka nilipoiona hii. Nilishaanza kufikiri mambo ya kijinga. Endelea kuniandikia hivi hivi, tafadhali.

Panya alitulia kama nusu saa hivi, kisha mtetemo ukarudi. Siku zilizofuata ilibidi waongeze matone. Mwambie fundi hii ni habari ya panya na si dawa, asije akaenda kununua chupa kwa jina langu. Najua unacheka. Mwambie hata hivyo.

Huku kazi imeniwia nzito. Miwani Miwili anataka matokeo yote ya pombe yaandikwe upya, kila panya, kila dakika, kabla ya mwezi kwisha. Nakula nimesimama. Nikimaliza naomba likizo nije nisimame barabarani mikono kiunoni kama mwenye kinu.

Mwanao,
Kifutio


22 Machi

Kifutio mwanangu mpenzi,

UNGA SAFI imekwisha na SIKU nimeianza jana. Kila mtu anasema. Dereva mmoja wa lori alisimamisha gari katikati ya barabara akapiga honi mpaka nikageuka, akanionyesha kidole gumba. Nilikuwa juu kabisa, nikampungia kwa mikono yote miwili kama mwanasiasa. Sijafurahi hivi tangu siku uliyofaulu mtihani wako wa mwisho.

Mama yako ana maneno siku hizi. Anasema nanuka tapentaini kuliko zamani. Nimemwambia mtu wa rangi anuke nini, waridi? Anasema nalala mapema, anasema nimekuwa na furaha ya ghafla na hasira ya ghafla. Nimemwambia ni kazi kubwa, ni kazi kubwa. Ananitilia chai nusu kikombe, siku hizi sukari imekuwa dhahabu au ni mimi nimeshuka bei, sijui.

Juzi nilikosa kipandio kimoja cha ngazi wakati wa kushuka. Mguu ulikwenda mahali ambapo hakuna kitu. Nilicheka sana. Hakuna kilichovunjika.

Fundi cherehani yeye anaendelea vizuri ila nusu saa ni kidogo kwa kazi yake. Anachukua asubuhi, halafu saa nne, halafu baada ya chakula. Anasema mkono wake ni jiwe. Wewe mtoto umemwokoa mtu.

Rula
baba yako


1 Aprili

Baba,

Shuka kwenye ngazi. Ukiwa umesimama unasoma hii, kaa chini kwanza, halafu usipande tena ukuta ule, hata kwa herufi moja.

Nimezichukua barua zako zote nikaenda nazo maabara. Kule panya anawekwa kwenye kisahani, na kalamu inachora mtetemo wake kwenye karatasi inayotembea. Nimezitazama karatasi hizo kwa miaka mitatu, nazijua kama wewe unavyozijua herufi. Jana nilikuwa naandika matokeo ya pombe, barua yako mpya iko pembeni, jicho likaiangukia. Herufi zimesimama vizuri. Lakini mistari inashuka. Mstari wa kwanza umeanza juu ya karatasi na kuishia vidole viwili chini, na wa mwisho umekaribia kutoka nje. Umeandika "ni kazi kubwa" mara mbili. Rula hashushi mstari, baba. Hujawahi kushusha mstari hata ulipoandika ukiwa na homa.

Nikaitoa ile barua ya Februari. Nikaiweka chini ya kioo cha kukuzia. Meza iliyolegea inatikisika hovyo, mara kubwa mara ndogo. Vijiwimbi vyako vinalingana, kimoja baada ya kingine, vimepangwa kama meno ya msumeno. Ni zile zile karatasi zangu za panya. Hakuna fundi cherehani, au yupo na mkono wake ni mzima. Ni wewe. Na chupa ya tapentaini haina tapentaini.

Mimi ndiye niliyekuambia. Nimekaa na hilo tangu jana na sijui niliweke wapi. Uliacha pombe kabla sijazaliwa, ulimwahidi mama, hukuonja hata siku ya harusi ya mdogo wako, na mimi nimekurudisha kwa kichekesho cha mistari miwili. Halafu nikabandika barua ya ulevi juu ya kitanda changu na kukuomba uendelee hivi hivi.

Sikiliza sasa nusu ya pili, ambayo sikuiandika. Siku ile ile, panya yule alipotulia, tulimweka juu ya fimbo inayozunguka polepole. Ni kipimo tu, panya anatembea juu yake asianguke, chini tumetandika sponji. Alipokuwa akitetemeka alijishikilia, alihangaika lakini alijishikilia. Alipotulia alianguka mara moja. Hakujaribu hata kushika. Mimi ndiye niliyemwokota, na alinitazama kana kwamba hakuna lililotokea. Pombe hainyamazishi kelele peke yake, baba. Inanyamazisha na lile neno, hapo umekosea. Mkono unatulia kwa sababu ubongo mdogo, ule wa kisogoni, umefungwa mdomo, na huo huo ndio unaoshika miguu yako juu ya ngazi. Ulikosa kipandio ukacheka. Kicheko hicho ndicho kinachoniua.

Nililijua hilo nilipokuandikia. Lilikuwa kwenye daftari langu. Nililiacha kwa sababu kichekesho kilipendeza zaidi kikiishia pale kwa hakimu.

Waache vijana wa plastiki wamalize. Mkono wako una dawa za kweli, si zote zinafanya kazi kwa kila mtu, lakini zipo. Nitakuja nikupeleke mwenyewe. Na usiiache pombe kwa siku moja ghafla bila daktari, kama umekuwa ukinywa kutwa, hilo nalo ni hatari. Mwambie mama. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, ingawa sijui nitampataje, maana ufunguo wa sanduku uko mfukoni mwako.

Nakuomba, baba.

Kifutio


3 Aprili

Baba,

Nimepiga simu ya dukani hapo jirani na kwenu mara saba jana na mara nne leo. Inaita, haipokelewi. Safari ya basi ni siku mbili na bosi hanipi ruhusa mpaka matokeo yakamilike, nimemwambia nitaondoka hata bila ruhusa, mshahara ukitoka tarehe kumi nanunua tiketi.

Kama barua ya juzi haijafika na hii imefika kwanza, maneno ni haya: usipande. Niandikie barua inayotetemeka. Niandikie herufi zianguke kila mahali, nitazisoma zote.

Kifutio


16 Aprili

Mwanangu,

Mimi si mwandishi, utanisamehe. Nimekuandikia kwa sababu simu ya dukani waya umeibwa na sijui kama umeshatoka huko au bado.

Baba yako alianguka tarehe nane, asubuhi. Alikuwa ameanza ZOTE. Alimaliza Z. Mlinzi wa kinu anasema alirudi nyuma kutazama kazi yake, kama watu wanavyorudi nyuma wakiwa chini, akasahau yuko juu. Anasema hakupiga kelele na hakushika kitu.

Barua zako mbili zilifika tarehe kumi na moja. Ufunguo walinipa hospitali pamoja na nguo zake. Nikafungua sanduku, nikasoma nimesimama pale posta mpaka karani akaniletea kiti.

Kwa hiyo najua. Chupa sikuijua, na kwa hilo nina hasira ambayo sina pa kuipeleka, maana siwezi kumgombeza mtu aliyelala hivi. Lakini mkono niliujua. Niliujua tangu mwaka jana, kabla yako wewe na panya wako. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kisahani, naye anapanguza kwa mkono wa shati haraka nisione. Nikaanza kumtilia nusu kikombe ili isimwagike. Alinitania sukari imepanda bei, nikakubali utani. Nilidhani namstiri. Naye alidhani ananistiri mimi. Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na moja, kila mmoja anamficha mwenzake mkono ule ule.

Hali yake ni hii. Alizinduka siku ya tano. Anatujua wote, akili ni yake, matusi ni yake. Lakini hawezi kukaa bila kushikwa, anaelemea upande mmoja. Akinyoosha mkono kuchukua kikombe unapita pembeni yake. Na maneno yanatoka yakiburuzika, yakikatika, kama ya mlevi. Watu wanaokuja kumwona wananitazama mimi kwa huruma ya namna fulani. Safari hii hajanywa kitu, na ndiyo safari anayoonekana amelewa.

Daktari amesema amegonga kisogo. Kasema hapo nyuma pameumia na pamevuja damu, wanasubiri waone. Nikamuuliza pana nini hapo, akasema ni mambo marefu. Wewe ulieleza katika barua yako kilichopo hapo. Niambie kama kinapona. Niambie ukweli wote, na nusu yake ya pili.

Ukuta usiuulize. Juzi wamepandisha plastiki juu ya herufi zote.

Ndani ya bahasha kuna karatasi yake. Aliniomba kalamu kwa ishara. Ameiandika siku tatu, nikimshikia ubao kifuani, na kila siku alipochoka aliigeuza nisisome. Sijaisoma.

Mama yako


Kifutio

Marahaba.

Huu ni mkono wangu, hakuna kitu ndani yake. Ulitetemeka na sasa unakosa karatasi pia. Hili neno nimeliandika mara tatu.

Meza haijalegea. Fundi cherehani ni mzima na hajui nilivyomtumia.

Nusu ya pili ya panya mama yako amenisomea. Alisoma akilia. Usijibebeshe. Ungeiandika siku ile ile ya kwanza, ningesoma mpaka kwa hakimu nikaishia hapo.

Nilikuwa natetemeka na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Hilo ndilo nililotakiwa kukuandikia Februari.

Ile barua ya juu ya kitanda ibandue. Bandika hii.

Baba yako